Sataranji: Tutapata Wapi Mafundisho?

Vijana wengi waanzao kucheza sataranji huuliza: Tutapata wapi vitabu na vifaa vya kujifunza ufunguzi, yaani hatua zile za kwanza za mchezo? Hapa Uvira na katika vijiji vya Mulenge swali hilo lina uzito wake, maana fedha ya kitabu au ya intaneti ni fedha iliyopunguzwa katika madaftari ya shule au katika chakula cha nyumbani. Basi yafaa tujue lipi ni la lazima na lipi si la lazima.

La kwanza ni ubao na mwenzi. Karatasi ngumu yenye vyumba 64 yatosha, na vizibo vya chupa vilivyoandikwa herufi vyaweza kuwa mfalme, malkia, ngome, farasi, askofu na askari. Huko Katwe, mtaa wa maskini katika Kampala, Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto sataranji, akiwapa na uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliichezea Uganda mwaka 2010 katika mashindano ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi.

La pili ni ufunguzi mmoja tu, uliofahamika sababu zake. Chukueni ule wa Kihispania, uitwao pia kwa jina la padre Ruy López, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1561. Kumbukeni kwamba safu za ubao zina herufi a hadi h, na mistari ina namba 1 hadi 8. Askari mweupe aenda e4, mweusi e5. Farasi mweupe aenda f3, mweusi c6. Kisha askofu mweupe atua b5. Kwa nini b5? Kwa sababu farasi wa c6 ndiye mlinzi wa askari wa e5.

Sasa mweusi asogeza askari a6. Je, mweupe akimla farasi kwa askofu, na mweusi akilipiza kwa askari wa d, si atampata askari wa e5 bure? Hasha! Malkia mweusi atatoka hata d4, awatishe pamoja farasi aliye e5 na askari wa e4, na deni litalipwa. Aliyekariri hatua tu ataduwaa mpinzani akiiacha njia ya kitabu. Aliyejua sababu atajitafutia njia yake.

La tatu ni mahali pa kusoma. Mtandao wa lichess.org, ulioanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, hautozi ada wala hauna matangazo. Una hazina ya michezo ionyeshayo kila hatua imechezwa mara ngapi na upande gani ulishinda. Lakini hesabu hizo hazisemi kwa nini. Hilo mtalitafuta wenyewe ubaoni. Kusanyikeni watatu au wanne kwa simu moja, nakilini hatua daftarini, kisha zimeni intaneti mjifunze.

Angalieni pia herufi, maana huwapoteza wengi katika nchi yetu. Katika kitabu cha Kifaransa R ni mfalme, D malkia, T ngome, F askofu, C farasi. Katika cha Kiingereza K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Asiyejua hayo atamsogeza mfalme mahali pa ngome, kisha aseme kitabu ni kibaya! Yaandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Basi msiharakie kununua masomo ya bei kubwa. Ubao mmoja, ufunguzi mmoja, daftari moja: hayo yamtosha mwanafunzi mwaka mzima wa kwanza, wala hayamwondolei mdogo wake kalamu ya shule. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.