JUMBA LA MICHEZO SI ANASA



Wapo wanaosema kwamba mfanyakazi akishapata mshahara hana haja ya kitu kingine, na kwamba jumba la michezo ni mambo ya watu wa Nairobi. Sisi hatukubali.

Nairobi walipata lao mwaka 1987. Michezo ya Afrika ilipoletwa Kenya, pale Kasarani palijengwa, kando ya uwanja mkubwa, jumba lenye paa na viti 5,000. Humo huchezwa mpira wa wavu na wa kikapu, hupiganwa ngumi, hupigwa muziki. Mvua ikinyesha nje, shughuli yaendelea ndani. Lakini kutoka Migori au Homa Bay hadi huko ni zaidi ya kilomita 300. Kibarua wa miwa atatoa wapi nauli?

Kwetu vipaji si haba. Timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, Sony Sugar, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Benga nayo imelelewa kando ya ziwa hili, marehemu D.O. Misiani alitoka Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Tarehe 1 Juni 2025 sikukuu ya Madaraka ilifanywa Homa Bay, katika Uwanja wa Raila Odinga. Tulifurahi. Lakini uwanja wa wazi haumfai mpiga ngumi wala mpiga gitaa la umeme mvua ya Aprili inapomwagika.

Wengine watauliza: je, dawa hospitalini? Swali ni la haki. Hatudai viti 5,000. Twataka paa imara, sakafu nzuri, taa, vyoo na chumba cha kubadilishia nguo. Viti vingi vitakuja baadaye.

Wala hatuombi fadhila. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya michezo na utamaduni, pamoja na majengo yake. Ila twashika masharti matatu.

Kwanza, wajenzi wapewe mikataba na malipo ya haki, kama Kifungu cha 41 kisemavyo. Jumba lililosimamishwa kwa jasho lisilolipwa hatutalifurahia.

Pili, kiingilio na kodi ya ukumbi visimfungie nje mtu wa kipato kidogo. Jioni kadhaa kila juma ziwekwe kwa timu za wafanyakazi na za shule.

Tatu, fundi wa umeme, wafagiaji na walinzi waandikwe kazi ya kudumu. Jumba lisilo na watunzaji litageuka nyumba ya popo.

Ndugu, kila tawi lijadili jambo hili, kisha litume wajumbe bajeti ya kaunti inapoletwa mbele ya wananchi. Mchana tunamfanyia tajiri kazi. Jioni ni yetu, nayo yataka mahali. Asiyekuwapo na lake halipo.