UFUNGUO WA CHOO CHA MKUBWA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu hii nipate kusema neno ambalo baadhi ya wasomaji watalionea haya. Hapa tumezoea kusoma juu ya kura, karafuu na bei ya mchele. Leo mimi nataka kuandika juu ya choo. Wala si choo cha nyumbani, ambacho kila mtu na ahali zake wanajua wanavyokitunza, bali choo cha kazini, cha ushirika, kinachoingiwa na watu wengi wasioulizana khabari.

Mimi ni mtu wa visiwani, na riziki ndiyo iliyonivusha bahari ikanifikisha Manchira, katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Hapo nina duka la vyakula. Tumepanga fremu saba katika jengo moja: duka langu, fundi cherehani, kinyozi, mama lishe, fundi wa pikipiki, muuza dawa za mifugo na wakala wa kutuma fedha. Nyuma ya jengo pana vyoo viwili. Kimoja kilikuwa cha watu wote. Cha pili kilikuwa na kufuli, na funguo zake zilikuwa mbili tu: moja ya mwenye jengo, na moja yangu, kwa kuwa mimi ndimi mpangaji wa zamani kuliko wote.

Hicho cha watu wote sitakieleza kwa urefu, kwani huenda msomaji ana chakula mbele yake. Yatosha kusema kwamba dumu la maji lilikuwa tupu siku nyingi kuliko lilivyokuwa limejaa, ufagio ulikwisha zamani ukabaki mpini, na ukutani mtu aliandika kwa mkaa kuwaomba wenziwe wamwage maji; nao wenziwe wakafuta mikono yao juu ya maandishi hayo hayo.

Siku moja ya jua kali alikuja dukani binti anayejifunza kazi kwa fundi cherehani. Nilimwona midomo imemkauka, nikamkaribisha maji ya mtungini. Akakataa. Nikamwuliza, "Umefunga, mwanangu?" Akainamisha kichwa akasema, "Hapana, baba. Nikinywa nitalazimika kwenda kule nyuma." Baadaye mke wangu akanieleza kwamba binti huyo hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudipo kwao jioni, na kwamba alikwisha kutibiwa ugonjwa wa mkojo mara mbili. Wala si ajabu; kila mganga wa hospitali atakwambia kwamba mwenye kujizuia haja na kujinyima maji kutwa nzima hujiletea maradhi hayo, na wanawake huyapata upesi kuliko wanaume.

Nilirudi nyuma ya meza yangu na ufunguo uko mfukoni, na wallahi niliuona mzito. Maana mimi ni mtu niliyesoma chuoni. Vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa huanza na mlango wa tohara, kabla hata ya sala yenyewe. Mtoto wa miaka minane anaambiwa maji gani yafaa, mkono upi watumika, na kwamba ni haramu kuchafua njia ya watu na kivuli chao. Nami kwa elimu yote hiyo nilikuwa nikipita mbele ya mlango ule mchafu kila siku, nikizuia pumzi, nikaenda kufungua wangu.

Mtu akiuliza kwa nini choo cha kazini ni kichafu, jawabu analopewa ni moja: watu wetu hawana ustaarabu. Maneno haya yapendwa sana na mabwana wakubwa. Lakini mimi namjua yule fundi wa pikipiki. Nimefika kwake. Ua wake umefagiwa, choo chake cha shimo kina mfuniko, na kopo la maji limewekwa mahali pake. Je, ustaarabu huo huuacha mlangoni anapotoka kwenda kazini? Hasha. Afikapo kazini hukuta mahali ambapo si pake wala si pa mtu yeyote amjuaye, pasipo maji, pasipo ufagio, na yule peke yake mwenye uwezo wa kuvileta hivyo hapaingii. Hapo ndipo mtu hufanya haraka akatoka.

Rai yangu ndiyo hii: choo cha ushirika huchafuka kwa sababu mwenye amri ana choo chake mbali. Nimeingia katika maofisi mengi ya bara na ya visiwani kufuata leseni na kodi, na mara nyingi nimeona mlango mmoja wenye kufuli na milango mingine ambayo huhitaji kuonyeshwa, pua yakuonyesha. Mwenye ufunguo akiambiwa kwamba hapana maji kule nyuma, husema atalishughulikia. Na kwa nini asilale nalo mwaka mzima? Haliingii mwilini mwake.

Kisha tazama yule anayefagia. Zamani katika miji yetu ya pwani aliitwa topasi, na jina hilo likageuka kuwa tusi. Jina limekwisha kupotea, lakini dharau imebaki. Mfagizi ndiye wa mwisho kulipwa na wa kwanza kulaumiwa. Hupewa choo cha watu hamsini na ufagio mmoja wa chelewa, bila glavu, bila dawa, na mshahara ukichelewa hapana anayeona. Akiacha kuja siku mbili, hapo ndipo inapojulikana kwamba alikuwapo.

Wala si kwamba sisi hatujui gharama ya uchafu. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1869 na kuendelea hata 1870, tabibu James Christie alikuwako, naye akaandika kitabu juu ya maradhi hayo kilichotoka mwaka 1876. Katika enzi iliyofuata, Sayyid Barghash alivuta maji ya Chemchem kwa mabomba mpaka mjini, na akajenga hamamu katika mtaa unaoitwa Hamamni hata leo. Bara nako, mwaka 1973, redio iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi kwa kampeni ya Mtu ni Afya, na vyoo vikachimbwa katika vijiji vingi. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini shimo likichimbwa huhesabiwa mara moja. Ufagio wa kesho na wa keshokutwa hapana anayeuhesabu. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka tena Dar es Salaam, kikaenea mikoani, na mwaka huo huo kikavuka mpaka Unguja. Hakikuomba ruhusa bandarini.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuweka vyoo na mahali pa kunawia kwa ajili ya wafanyakazi. Lakini sheria hiyo huwafikia wenye viwanda kabla ya wenye fremu, na mkaguzi hajapata kutembelea nyuma ya jengo letu.

Tena liko jambo ambalo wenye funguo wa huku kwetu hawalifikirii. Choo kikiwa hakikaliki, watu huenda vichakani. Mama lishe ana wateja arubaini kwa siku, na wote wana matumbo. Mvua ikinyesha, maji hushuka bondeni na kila kilichomo vichakani. Na hapa Manchira liko bwawa ambalo mji wa Mugumu, makao makuu ya wilaya, hulitegemea kwa maji. Basi bwana mkubwa afunge mlango wake kwa kufuli tatu; mfereji wa nyumbani kwake wanywa katika bonde lile lile. Dawa hutiwa majini, naam, lakini ni nani apendaye kujua kwa hakika ni kitu gani dawa ile imekiua?

Alhasili, niliutoa ufunguo wangu. Niliwaita wapangaji wenzangu nikauweka juu ya meza ya fundi cherehani, tukakata shauri kwamba choo kile kiwe cha wanawake na hiki cha zamani kiwe cha wanaume. Kila fremu hutoa shilingi elfu moja kwa wiki, nazo hulipwa mama mmoja wa jirani kila Ijumaa kabla sijafunga duka, hata kama biashara ilikuwa mbovu. Tulimnunulia glavu na viatu vya mpira. Kinyozi alinung'unika wiki mbili akanyamaza.

Ama mwenye jengo alikasirika, akasema nimegawa mali isiyo yangu, na neno lake lilikuwa la haki. Nikamwambia anaweza kuniongezea kodi, lakini kufuli hairudi. Mwezi uliofuata alikuja kukusanya kodi, tumbo likamshika, akaingia mlango tunaoingia sote, na siku hiyo dumu lilikuwa tupu. Tulimsikia akiita maji. Haikupita wiki, likaja tangi la lita elfu moja, likatiwa bomba mpaka ndani. Kwa miaka sita tulikuwa tumemwomba tangi hilo kwa mdomo na kwa barua.

Sabuni ndiyo ingali taabu. Huwekwa asubuhi, adhuhuri haipo. Nimeitia katika wavu wa vitunguu nikaufunga kwa waya penye bomba, na juzi wavu ulibaki, sabuni imekwenda. Fundi wa pikipiki ashauri tutumie ya maji katika chupa iliyotobolewa kifuniko. Tutajaribu.

Wasalaam,
Mwenye Duka,
Manchira.