Kabla Hujakiamini Kitabu, Kiulize Kimetoka Wapi

Mwaka jana, nikiwa Msimbati kwenye mazoezi ya kufundisha, niliua ua kwa kufuata kitabu. Lilikuwa okidi, ile yenye madoa ya kahawia ambayo wanasayansi wanaiita Ansellia africana, imeng'ang'ania tawi la mwembe lililoangushwa na upepo. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwalimu, lichukue ulitunze." Mimi nikakimbilia simu, nikashusha kitabu kimoja kilichoandikwa Uingereza.

Kitabu kikasema panda kwenye kompositi. Kwangu kompositi ni mboji. Nikajaza ndoo mboji na samadi ya mbuzi, nikafukia mizizi. Wiki tano tu, shina limeoza. Mama akaniangalia kwa huruma: "Mwalimu, ua lilikuwa juu ya mti, wewe umelizika. Litapumua vipi?"

Baadaye ndiyo nikaelewa. Kwa wapanda maua wa Uingereza, neno lile ni chochote cha kujazia chungu. Kwa okidi mara nyingi ni vipande vya magome ya msonobari. Okidi ya mtini hainyonyi mti wala haitaki udongo. Mizizi yake ina ngozi nyeupe kama sponji, inadaka maji ya mvua na umande, halafu inataka hewa. Kitabu hakikudanganya. Kilikuwa kinaongea na mtu mwingine, mwenye baridi na hita.

Kuna watakaosema kosa ni langu, sikusoma vizuri. Nakubali nusu. Lakini wenzangu wa elimu, kesho ni sisi tutakaowachagulia watoto vitabu. Tukichagua kwa jalada na picha, tutazika mengi.

Mimi sasa nakiuliza kitabu maswali matatu. Mwandishi alipanda wapi? Anatenganisha okidi za mtini na za ardhini, kama zile za Kitulo zenye viazi? Anazitaja za kwetu kwa jina la kisayansi? Kitabu cha Isobyl na Eric la Croix, African Orchids in the Wild and in Cultivation, cha 1997, kinajibu vizuri: kinahusu okidi za Afrika, na wenyewe waliishi Malawi, hapo ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Hata hivyo ni cha Kiingereza, na bei yake inameza bumu.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi iombe maktaba vitabu vya namna hiyo. Na sisi tuandike vyetu kwa Kiswahili, tukianza na wanachojua akina mama wa Msimbati kuhusu mvua yetu ya msimu mmoja na kiangazi chake kirefu.

Tawi la pili, nalo la kuokota na si la kukata porini, nimelifunga kwa kamba ya katani kwenye mwembe nyuma ya hosteli. Halijachanua. Ila mizizi mipya imeshashika gome.