Hiyo "hatuhusiki" ya wasafirishaji wa mizigo imetuchosha



Kuna kero inayotuumiza sisi wafanyabiashara wa mikoani tunaofunga mizigo Kariakoo. Mzigo unatoka dukani ukiwa mzima, unakabidhiwa kwenye ghala la msafirishaji jijini Dar es Salaam, unafika Songea ukiwa vipande. Ukiuliza, unaoneshwa mstari mdogo chini ya risiti: mzigo ukivunjika au kupotea, hatuhusiki.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Boksi la marumaru husimamishwa kwa ubavu, halilazwi likabebeshwa mzigo juu yake. Kioo nacho husafiri kimesimama, kimeegemezwa na kufungwa. Sasa nenda jioni kwenye hayo maghala ujionee. Boksi linarushwa kutoka chini kwa aliye juu ya gari; asipolidaka, linaokotwa na kupangwa kana kwamba halikuanguka. Juu ya masinki inapandishwa saruji, kila mfuko kilo 50. Friji la mtu linalazwa chali ilhali mishale kwenye boksi inaelekeza juu. Ile alama ya bilauri, inayoonya kuwa ndani kuna kitu cha kuvunjika, pale ni pambo tu. Nimewahi kumkuta mtu ameikalia, anakula chapati.

Siwalaumu makuli, au tuseme si wao wa kwanza kulaumiwa. Wanalipwa kwa gari, si kwa saa. Gari likijaa haraka ndipo wanapata la pili, kwa hiyo anayepanga kwa uangalifu anajipunguzia riziki. Vitoroli hakuna, na mtu mmoja anabebeshwa gunia la kilo 100, wakati Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Aliyechoka namna hiyo atautua mzigo taratibu kwa nguvu gani? Aliyepanga malipo hayo ni mwenye ghala, na ndiye anayepokea nauli ya mzigo. Nauli yenyewe, kwa taarifa yenu, hulipwa kabla.

Kisha kuna Makambako, ambako mizigo mingi ya kwetu huhamishiwa gari jingine. Hakuna karatasi inayoandikwa mzigo umefika pale katika hali gani. Dar wanasema ulitoka mzima, Makambako wanasema waliupokea hivyo hivyo, na dereva anasema kazi yake ni usukani.

Serikali inayapima malori kwenye mizani ili barabara zisiharibike, uzito wa jumla usizidi tani 56, na anayezidisha anatozwa. Vizuri. Lakini mali iliyo ndani ya lori hakuna anayeiulizia. Na sheria ipo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza yake. Simjui mwenye busara anayerusha sinki lake mwenyewe. Tume ya Ushindani, ambayo hupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja, iziangalie risiti hizi. LATRA nayo, inayotoa leseni za magari ya mizigo, ilazimishe kuwapo fomu ya makabidhiano kila mzigo unapopakiwa na unapohamishwa, ikitaja hali yake, na pande zote mbili zisaini. Hilo halihitaji mashine wala bajeti. Linahitaji kalamu na mtu atakayebanwa na jina lake.

Wakati tunasubiri, nawaomba wenzangu wa Songea, Mbinga na Tunduru: karani akikuletea daftari usaini kuwa umepokea mzigo mzima kabla turubai halijafunguliwa, kataa. Atanuna, atasema unachelewesha gari. Fungua boksi mbele yake, piga picha, andika kilichovunjika kwenye nakala yake na yako, ndipo usaini.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Songea, Ruvuma