Kiraka si Aibu



Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Hapa Singida tunao ushahidi wa usia huo miguuni petu: katambuga, kiatu kilichokatwa katika tairi lililokwisha kazi barabarani. Mchungaji wa ng'ombe hupita nacho juu ya miiba bila hofu. Hata hivyo, akivaliwa shereheni, aliyekivaa hutazamwa kwa dharau. Huko Ethiopia, Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha kampuni ya soleRebels mwaka 2004, akatengeneza viatu vyenye soli za matairi chakavu na kuviuza hadi ng'ambo. Tunachokionea haya sisi, wengine wamekifanya kazi ya heshima.

Ndivyo ilivyo kwa nguo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia wake ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Marobota yangali yanaingia. Hatuyalaani, kwa maana yamewasitiri wengi na kuwapa wachuuzi riziki. Tunachokionya ni mazoea ya kununua kwa wepesi na kutupa kwa wepesi. Nguo nyingi za siku hizi zina nyuzi za plastiki zisizooza. Tukizichoma uani, moshi wake wavutwa na watoto wetu.

Shati la baba lililochakaa kola bado lina mgongo mzima, na humo hutoka gauni la binti mdogo. Jinzi iliyopasuka magoti hutoa mkoba wa shule. Lakini fundi cherehani hutumia muda mrefu kufumua kabla hajaanza kushona, nasi twataka kumlipa kana kwamba ametia kifungo tu. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kutumia tena kitu badala ya kukitupa upesi kwaweza kuwa tendo la upendo. Upendo huo hauwezi kuanza kwa kumpunja fundi.

Basi juma hili tufungue masanduku yetu. Tuchague nguo moja tuliyokusudia kuitupa, tumpelekee fundi wa jirani, tupatane naye ujira wa haki. Na mtoto atakapoivaa, tusimuulize imetoka wapi, tumwambie imempendeza.