Wazazi wa Pwani, Tuwaambie Watoto Kilichotokea

Ndugu zangu wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini, Zinga na Kerege, nanyi mlio njiani kuteremkia Bunju na Tegeta, kuna jambo tumelinyamazia kupita kiasi. Nalo ni hali ya nafsi za watoto wetu tangu ule mwaka wa korona.

Husemwa mara nyingi, tena kwa majivuno kidogo, kwamba Watanzania hatukufungiana ndani. Ni kweli. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, na siku ya pili yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Juni 1 wakarudi vyuo na kidato cha sita, Juni 29 wakarudi waliobaki. Wenzetu wa Kenya walingoja hadi Januari 2021 ndipo madarasa yote yakarejea, na Uganda ikangoja hadi Januari 10, 2022, karibu miaka miwili. Kwa hesabu hiyo mtu hujifariji: watoto wetu walitoka salama, na habari za afya ya akili ni za wale waliofungiwa maghorofani huko Ulaya.

Nami nasema hesabu hiyo ina kasoro. Mtoto wa kwetu hakuumizwa na kufuli. Aliumizwa na kimya cha wakubwa.

Hebu tukumbuke. Kufikia Mei 2020 takwimu za ugonjwa zilikuwa zimekoma kutolewa. Mtaani watu waliendelea kuugua, na wengine kufa. Maziko yakafanywa haraka, waliohudhuria wachache, na matanga yakafupishwa. Mwanzoni mwa 2021 likaja wimbi jingine, nasi tukajifunza kusema kwamba fulani alikuwa na changamoto ya upumuaji, tukaishia hapo. Februari 17 walifariki siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi mmoja baadaye, Machi 17, akafariki Rais Magufuli mwenyewe. Sitaki kuingia katika mabishano ya nini kilimwondoa nani. Nauliza jambo dogo tu: mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akiyasikia hayo redioni, na nyumbani akiona bibi yake amefunikwa blanketi juu ya nyungu ya mwarobaini, nani alimketisha akamweleza? Wengi wetu tuliwaambia, nenda ukacheze.

Mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na mara nyingi maelezo anayojipa ni mabaya kuliko ukweli. Hudhani ni yeye aliyeleta ugonjwa nyumbani kwa kuwa hakunawa mikono. Hudhani kifo kimemchagua bibi kwa sababu juzi alimjibu vibaya. Hayo hayasemi. Huyabeba mpaka shuleni, na mwalimu huona tu mtoto asiyesikiliza.

Juu ya kimya hicho ikaja njaa, na mji wetu unaijua. Bagamoyo ni mji wa wageni: Mji Mkongwe, magofu ya Kaole, Misheni, wachonga vinyago, waongoza watalii, akina mama wapishi. Nchi nzima watalii walishuka kutoka zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019 hadi laki sita na ushee mwaka 2020. Baba aliyekuwa akitembeza wageni akakaa barazani mchana kutwa, na ukali wake ukahamia kwa wa ndani. Wavulana wakashuka ufukoni kuvuta juya, kupara samaki na kubeba ndoo mnadani. Siwalaumu. Walileta kitoweo nyumbani pasipokuwa na kitoweo. Lakini kijana aliyekwisha kushika fedha yake mwenyewe, na kuambiwa na wazee wake kwamba sasa ni mwanamume, si rahisi kumrudisha kwenye dawati akachapwe kwa kuchelewa namba.

Kwa wasichana ilikuwa mbaya zaidi. Aliyepata mimba katika miezi ile alipoteza na shule, maana ruhusa ya kurudi masomoni ilitangazwa Novemba 2021 na waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako. Sierra Leone walikwisha kuyaona hayo wakati wa Ebola ya 2014 na 2015, shule zilipofungwa miezi kadhaa. Wasichana wengi walipata mimba, nao wakazuiwa shule hadi Machi 2020. Funzo lilikuwepo kabla ya korona kutufikia.

Sasa watasema wasomaji wangu wa rika la juu: haya mambo ya afya ya akili ni ya kigeni, sisi tulikua bila hayo. Nawarudisha Kashasha, karibu na Bukoba, Januari 30, 1962, majuma machache baada ya Uhuru. Wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikaenea, kikichanganyika na kilio na kukimbia ovyo, hata wakapatwa wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Watoto walipopelekwa makwao, hali ile ikaenea vijijini. Madaktari Rankin na Philip waliochunguza hawakukuta sumu wala kijidudu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Dunia nzima imekifanya kisa hicho kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha: ni watoto walioelemewa, wakayasema kwa miili yao yale waliyokosa pa kuyasemea.

Nasi tunayaona hayo hadi leo, wasichana wakianguka na kupiga mayowe darasani, tukaita watu wa kutoa mapepo. Hata nyumbani ishara zipo. Kijana anaumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Mtoto wa darasa la nne ameanza tena kukojoa kitandani. Binti aliyekuwa mcheshi sasa hataki kula na wenzake. Sisi tunaziita jeuri, uvivu au kudeka. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Tufanye nini? Kwanza tuseme kweli nyumbani. Haijapitwa na wakati. Aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020 anafika la saba mwaka 2026, na bado anaweza kuambiwa: bibi yako aliugua ugonjwa uliokuwa umeenea duniani kote, si wewe uliyemwua, nasi tuliogopa ndiyo maana hatukukuambia. Maneno hayo hayana gharama. Ugumu wake ni ule wa kukiri kwamba mzazi naye aliogopa.

Pili, tusidhani dawa yote iko kwa wageni. Pwani hii ina kungwi na somo, mtu ambaye binti anaweza kumwambia lile asiloweza kumwambia mama yake. Ina utani wa babu na wajukuu, na watani wanaokuja matangani kuwachekesha wafiwa, ili huzuni ipate pa kupumulia. Korona ilitunyang'anya matanga, na hayo yakaenda nayo. Lakini nisizidishe sifa: makungwi wengi humfunza mwali mambo ya mwili na unyumba, wakaacha hofu na msiba. Waongezewe hilo, kwa mafunzo ya wauguzi wa zahanati zetu, na wavulana nao watafutiwe mtu wa kuwasikiliza baada ya jando. Wao ndio tumewasahau kabisa.

Tatu, shule. Kanuni za adhabu ya viboko zingali zikitumika, na mwalimu wa unasihi, palipo naye, ni yule yule mwenye vipindi tele na fimbo mkononi. Mtoto hawezi kumweleza siri zake mtu aliyemchapa saa nne asubuhi. Kazi hizo mbili zitenganishwe.

Halafu kuna sheria. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia yenye kijana aliyefikia huko huficha, na anayefichwa hatibiwi. Mahakama Kuu ya Kenya ilikwisha kutangua kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Wabunge wetu wa Pwani waulizwe wanangoja nini.

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Watoto wa Bagamoyo wametoa damu na mikono yao kwa majaribio ya chanjo ya malaria. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi hapa, na majaribio makubwa ya RTS,S yalianza mjini mwetu mwaka 2009, kisha yakafuata ya R21. Leo chanjo zote mbili zimependekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto walio katika hatari ya malaria. Wazazi wa vijiji vyetu walielezwa, wakauliza, wakaridhia, wakarudi kliniki kwa miaka. Watu walioweza hayo kwa ajili ya malaria hawashindwi kumpeleka mtoto akapimwe huzuni, ikiwa kuna wa kumpima. Basi Halmashauri ya Bagamoyo iajiri japo mtaalamu mmoja wa afya ya akili ya watoto, akae hospitali ya wilaya na kuzungukia shule, asingojewe kutoka hospitali za Muhimbili au Mirembe. Na hitaji hilo halijapita: homa ya Marburg imefika Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na homa ya nyani ilithibitishwa nchini Machi 2025. Ugonjwa mwingine hautatuomba ruhusa.

Nanyi wakuu wa shule, kuna namba ya bure ya kumsaidia mtoto, 116. Iandikeni ukutani, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.