Uchaguzi Mdogo Si Mdogo

Vijana wa Tudor! Mnakumbuka Msambweni, 15 Desemba 2020? Mbunge Suleiman Dori alikuwa amefariki, kiti kiko wazi. Feisal Bader, mgombea huru, akapata kura 15,251. Omar Boga wa ODM, 10,444. Lakini zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakutokea! Hao peke yao wangeweza kumpa ushindi yeyote wamtakaye.

Sasa wewe unasema, "Nitajiandikisha siku ikifika." Ndugu yangu, sheria haikungoji. Kiti kikishatangazwa wazi, usajili katika eneo hilo husimama mpaka uchaguzi mdogo uishe. Utabaki maskani ukilalamika tu.

Kitambulisho unacho? Nenda IEBC wiki hii, na mwenzako mvute mkono.